Cheti cha theolojia hakihesabu sadaka

Mhariri,

Kila mara ile rasimu ya sera ya mashirika ya dini, iliyoandaliwa na Kurugenzi ya Maadili na Uadilifu ya serikali ya Uganda, inapoibuka tena, mabishano huangukia pale pale: mchungaji awe na cheti cha theolojia au asiwe nacho? Wanaotaka cheti hutolea mfano Rwanda, ambako sheria ya mwaka 2018 ilidai shahada kwa viongozi wa makanisa. Wanaokataa hujibu kwamba Petro alikuwa mvuvi. Sisi tunaona pande zote mbili zinapita kando ya jambo lenyewe. Kanisa la kilokole litawalea watu au litawanyonya, kutegemea namna uongozi wake ulivyopangwa: nani anahesabu fedha, jina la nani limo kwenye karatasi za kiwanja, na ni nani anayeweza kumwambia mchungaji "hapana" na Jumapili ijayo bado akawa na kiti chake mbele.

Kuhusu cheti, tuanzie Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Kundi lile halikuwa la kilokole. Lilichipuka upande wa Wakatoliki. Lakini mmoja wa viongozi wake, Dominic Kataribabo, alikuwa padri msomi aliyesoma mpaka Marekani, na kundi lenyewe lilikuwa limesajiliwa serikalini. Elimu ilikuwepo, usajili ulikuwepo. Hakuwepo mtu mwenye nafasi ya kuuliza fedha za wafuasi waliouza mali zao zilikwenda wapi.

Kwa msomaji asiyeyajua makanisa haya kwa ndani, imani yenyewe si ngumu kueleza. Mtu huzaliwa mara ya pili kwa toba na kwa kumwamini Yesu, hubatizwa kwa kuzamishwa katika maji mengi, kisha hutazamiwa kujazwa Roho Mtakatifu, na kwa wengi ishara yake ni kunena kwa lugha. Baada ya hapo huja karama. Paulo anataja tisa katika 1 Wakorintho 12: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, aina za lugha, na tafsiri za lugha. Tazama vizuri orodha hiyo. Karama mbili, kupambanua roho na tafsiri, kazi yake ni kukagua nyingine. Sura ya 14 inaendelea kuweka utaratibu: wanaonena kwa lugha wawe wawili au watatu tu, kwa zamu, na mmoja afasiri, asipokuwepo mfasiri, mnenaji anyamaze. Manabii nao wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Nenda kwenye mkesha wowote Ijumaa hii uhesabu. Karama saba utaziona zikitangazwa kwa vipaza sauti mpaka saa kumi na moja alfajiri. Zile mbili za ukaguzi utazitafuta kwa tochi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Walokole wa kwanza wa nchi hii, wale wa uamsho wa miaka ya 1930 ulioshika kutoka Gahini, Rwanda, hadi Buganda na Kigezi, hawakuwa na mwanzilishi anayemiliki kitu. Simeoni Nsibambi alikuwa mlei. Joe Church, aliyekutana naye Namirembe, Kampala, mwaka 1929, alikuwa daktari mmisionari. Walibaki ndani ya kanisa la Kianglikana hata mambo yalipochacha, kama mwaka 1941 wanafunzi 26 walipofukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono. Mkazo wao ulikuwa msalaba na kuungama dhambi waziwazi mbele ya ndugu, na kiongozi aliungama kama wengine. Aliyejikweza aliambiwa usoni. Walikuwa na makali yao, na baadhi yao walihukumu hata mavazi ya watu, lakini fedha za kundi hazikuwa za mtu.

Makanisa ya kipentekoste yalikuwa yameshaingia nchini kwa njia nyingine. Mwaka 1977 Idi Amin alipiga marufuku madhehebu 27, na mengi ya makanisa hayo yalikuwamo. Walioendelea kuabudu walikutana majumbani kwa siri. Serikali yake ilipoanguka mwaka 1979, vikundi vilitoka mafichoni na vipya vikazaliwa. Vikajenga vibanda vya matete, ndiyo maana mpaka leo watu wa Kampala huyaita makanisa ya biwempe. Kikundi cha namna hiyo mara nyingi kilikuwa na mtu mmoja aliyekibeba wakati wa hatari. Huyo huyo akawa mchungaji, mweka hazina, mpokea wageni na mwenye funguo. Kwa watu 30 chini ya turubai mpangilio huo hauna shida. Shida ni kwamba watu walipofika 3,000 mpangilio ulibaki ule ule. Katika sensa ya 2002 Wapentekoste walikuwa chini ya asilimia 5 ya Waganda; ya 2014 iliwakuta wamepita asilimia 11.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa waumini wengi wamelala. Kanisa huru nchini Uganda linaweza kusajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, kama bodi ya wadhamini, au kama kampuni isiyo na hisa inayodhaminiwa na wanachama wake. Njia hii ya tatu ni rahisi na inapendwa. Lakini mbele ya sheria, wanachama wa kampuni hiyo ni wale walioandikwa kwenye kitabu cha wanachama, basi. Kanisa linaweza kuwa na waumini elfu mbili na wanachama watatu: mchungaji, mama mchungaji na shemeji. Siku ya ugomvi, waliotoa saruji na mabati kwa miaka 15 huenda mahakamani na kuambiwa si sehemu ya kampuni. Tiba yake ni katiba inayosema mshirika aliyebatizwa na kukaa muda fulani ana kura, wazee huchaguliwa kwa muhula, na ndugu wa damu wa mchungaji hawavuki idadi fulani ndani ya bodi. Isiishie kwenye kabati. Isomwe hadharani mara moja kwa mwaka.

Kiwanja ni hivyo hivyo. Kanisa hununua kibanja, yaani haki ya kukaa na kutumia kipande cha ardhi ya mtu mwingine, kwenye ardhi ya mailo, ile yenye hati ya umiliki wa kudumu, makubaliano yanaandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na kwa haraka jina linalowekwa ni la mchungaji "kwa niaba ya kanisa". Maneno hayo "kwa niaba" mara nyingi hayaandikwi. Mchungaji akifariki, kibanja kinaingia kwenye mirathi, watoto wake wanakuja na mwanasheria, na hawana kosa, karatasi inasema ni cha baba yao. Mnunuzi aandikwe kuwa ni wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, mwenye ardhi atie sahihi akiwatambua hivyo, na nakala tatu zihifadhiwe mahali patatu tofauti.

Fedha ndizo zenye mianya mingi, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Sadaka inapaswa kutoka kapuni kwenda mezani bila kupita mkononi mwa mtu mmoja peke yake. Wahesabu wawe watatu, wasio wa nyumba moja, wakibadilishwa kila mwezi, wala mweka hazina asiwe mmoja wao. Wanahesabu kabla ya kutoka jengoni. Fomu inaandikwa kwa aina ya noti: za 50,000 ngapi, za 20,000 ngapi, hadi za 1,000 na sarafu, kwa sababu jumla tupu ni rahisi kubadilishwa, lakini safu saba za noti na sarafu zikiguswa hazikubali kujumlishika. Sahihi tatu, nakala moja kwa mweka hazina, nyingine kwa mzee ambaye hashiki fedha. Jumatatu kiasi chote, chote, kinapelekwa benki, na stakabadhi ya benki inabanwa kwenye fomu. Tarakimu zisipolingana, ijulikane Jumatatu hiyo hiyo.

Penye "chote" ndipo makanisa mengi huanguka. Kabla ya kuhesabu, mtu anachota mafuta ya jenereta, nauli ya mhubiri mgeni, soda za kwaya. Hakuna aliyeiba, lakini kuanzia hapo hakuna anayejua kapu lilikuwa na kiasi gani, na mwizi akija atajificha kwenye ukungu huo huo. Matumizi yalipwe kutoka benki au kutoka fedha ndogo za ofisi zenye daftari lake. Mwanya wa pili ni simu. Sadaka nyingi za mijini siku hizi zinapita kwa mobile money, na namba inayosomwa madhabahuni huwa ya mchungaji mwenyewe. Laini isajiliwe kwa jina la kanisa, namba ya siri igawanywe baina ya watu wawili, na taarifa ya mwezi ichapishwe. Mwanya wa tatu ni "mbegu", ile sadaka ya pekee anayopewa nabii ili neno litimie. Paulo alipobeba mchango kwenda Yerusalemu alikubali kusafiri na watu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa kwa habari ya fedha zile. Yamo 2 Wakorintho 8. Nabii anayekataa kusindikizwa na mhesabu amejiona mkubwa kuliko Paulo.

Mshahara wa mchungaji nao uandikwe. Makanisa huona aibu kuutaja, kisha mchungaji anaishi kwa bahasha, na mwenye bahasha nene ndiye anayegeuka mzee asiyekemewa.

Uponyaji unahitaji uangalifu zaidi kuliko fedha, maana shilingi hurudishwa. Tunaamini Mungu huponya, na Yakobo 5 inaagiza wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Hatari inaanzia kwenye ushuhuda. Mtu mwenye VVU aliyemeza ARV vizuri kwa miezi kadhaa akipimwa wingi wa virusi, karatasi inaweza kusema havionekani. Hiyo ni kazi ya dawa. Virusi vimejificha mwilini, na kipimo cha kidole, kinachotafuta kingamwili, kwa kawaida kitaendelea kuonyesha kwamba anavyo. Karatasi ya kwanza ikipeperushwa madhabahuni kama muujiza, watano waliokaa nyuma wanatupa vidonge. Kwa wengi wao virusi hurudi ndani ya wiki chache, wengine wakiwa na usugu unaodai dawa nyingine. Mwenye kifafa akikatizwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na kelele za kukemea pepo hazitamsaidia kupumua. Wa kifua kikuu, ambaye dozi yake ya kawaida ni miezi 6, hujisikia nafuu mapema, akadhani amepona, akaacha dawa, na kuwaambukiza wenzake wa kwaya. Kanuni inayofaa ni fupi: hakuna ushuhuda wa uponyaji bila barua ya kliniki inayomtibu mhusika, na hakuna mhudumu anayeruhusiwa kutamka "acha dawa". Anayeitamka asimamishwe siku hiyo.

Mfungo vilevile. Wajawazito, wenye kisukari, wanaomeza dawa pamoja na chakula, na watoto wasifunge chakula. Maji yasizuiwe kwa yeyote. Majirani zetu Kenya walifukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa, katika msitu wa Shakahola kuanzia mwaka 2023.

Kuhusu utume tuseme machache, kwa kuwa hapo makanisa haya yanafanya vizuri na wakosoaji hawasemi. Kundi la nyumbani la watu 8 hadi 12, likifika 15 linagawanyika, linamfikia mgonjwa kabla ya ofisi yoyote. Watoto Church, iliyoanza Kampala mwaka 1984 kwa jina la Kampala Pentecostal Church, ilianza kulea yatima mwaka 1994 ukimwi ulipokuwa umemaliza wazazi. Katika makambi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ibada za Kiswahili za ndugu kutoka Kongo mara nyingi ndiyo sehemu ya kwanza mgeni kupata mtu anayeelewa anachosema. Ubaya ni haraka ya kufungua matawi. Kijana aliyeokoka mwaka jana anakabidhiwa tawi mwaka huu, na 1 Timotheo 5:22 iko wazi: usimwekee mtu mikono kwa haraka.

Kwa hiyo, Mhariri, kurugenzi ikirudi na rasimu hiyo, tungependa idai vitu vitatu badala ya shahada: hesabu za mwaka zilizokaguliwa na kubandikwa mlangoni mwa kanisa, orodha ya wadhamini pamoja na undugu wao kwa mchungaji, na karatasi za kiwanja kwa jina la kanisa. Makanisa yenye watu chini ya 100 yapewe miaka miwili na fomu ya ukurasa mmoja, kwani mkaguzi wa vitabu atawagharimu kuliko sadaka zao. Wakati tunaingoja sera, mshirika yeyote anaweza kwenda URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, kulipa ada ya upekuzi, kutaja jina la kampuni ya kanisa lake na kuonyeshwa walioandikwa humo.

Wazee wawili wa kanisa la kipentekoste,
Kasese