Madodoso yaliyojazwa chini ya mwembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala wa maadili ya watafiti wa vyuo vyetu vikuu, mjadala ambao kwa muda mrefu umeelemea kwenye wizi wa maandishi: wanafunzi wa uzamili kunakili tasnifu za wenzao, na wahadhiri kupachika majina yao kwenye makala ambazo hawakuziandika. Hayo ni makosa, sikatai. Lipo hata hivyo kosa lililofichika zaidi, ambalo programu za kubaini unakili haziwezi kuliona kwa sababu hakuna kilichonakiliwa, nalo ni data za kupika.

Kabla sijawa mwalimu nilifanya kazi ya udodosaji kwa misimu kadhaa. Katika utafiti mmoja wa kilimo, uliosimamiwa na mhadhiri wa chuo ambacho sitakitaja, tulilipwa kwa kila dodoso lililokamilika, si kwa siku. Dodoso lenyewe lilikuwa na kurasa 14, na kila mmoja wetu alitakiwa kurudisha manane kila jioni. Ilikuwa masika, wenye kaya wako mashambani tangu alfajiri, na nauli ya bodaboda kwenda kitongoji cha mwisho ilimeza malipo ya madodoso mawili. Siku ya tatu nilimkuta mwenzangu ameketi chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, ana kalamu tatu, mbili za bluu na moja nyeusi, anajaza majibu ya watu ambao hakuwahi kuonana nao. Kwenye fomu za ridhaa, pale mhojiwa asiyejua kusoma anapoweka dole gumba, alikuwa akigandamiza vidole vyake mwenyewe kwenye pedi ya wino, kimoja baada ya kingine, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ili alama zisifanane. Jioni ile nami nilijaza mawili kwa namna hiyo hiyo, na sina sababu ya kujitoa kwenye lawama.

Kilichonishangaza kilikuja baadaye. Madodoso yangu ya kweli yalirudishwa kwa kuwa na mapengo na majibu ya kukadiria, kwa maana mama wa kijijini ukimuuliza umri wa mumewe atakwambia, "Weka hamsini tu, mwanangu," na ukimuuliza magunia aliyovuna atasema kumi au ishirini. Ya mwenzangu yalisifiwa kuwa safi. Kila mzee humo alikuwa na miaka 43 au 57 au 61 kamili, na kila kaya ilikumbuka mavuno yake ya miaka mitatu kwa kilo. Mtu aliyewahi kulala kijijini hata usiku mmoja angeshtuka. Msimamizi wetu hakushtuka, kwa kuwa katika muda wote wa utafiti hakufika kijijini.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ulegevu wa nchi maskini. Si kweli. Mwaka 2011, nchini Uholanzi, ilibainika kwamba Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Tilburg, alikuwa kwa miaka mingi akibuni data ambazo alidai zimekusanywa mashuleni na kwingineko, na zaidi ya makala zake 50 zikaondolewa kwenye majarida. Wanafunzi wake wa uzamivu walikuwa wakikabidhiwa data zilizokwisha kujazwa, nao wakazijengea tasnifu bila kujua. Waliomfichua hawakuwa maprofesa wenzake, walikuwa watafiti vijana watatu waliokuwa na mengi ya kupoteza.

Wakati mwingine hasara haiishii kwenye majarida. Mei 2020 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua taarifa za wagonjwa zaidi ya 96,000 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671 za mabara sita, zilizotolewa na kampuni ya Marekani iitwayo Surgisphere. Makala ilidai kwamba dawa ya haidroksiklorokwini inaongeza vifo vya wagonjwa hao, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio yake. Wanasayansi walioisoma kwa makini walihoji, pamoja na mengine, takwimu za Afrika, kwa kuwa zilimaanisha kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa bara hili, na asilimia 40 ya waliofariki, walitibiwa katika hospitali zenye mifumo ya kisasa ya kompyuta iliyounganishwa na kampuni hiyo moja. Muuguzi yeyote wa hospitali ya wilaya, anayejua faili la karatasi linavyotafutwa asubuhi nzima, angeuliza swali hilo siku ya kwanza. Kampuni ilipokataa kutoa data ghafi kwa wakaguzi huru, makala iliondolewa tarehe 4 Juni.

Hapa kwetu Tanzania mtafiti anapata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na ikiwa utafiti ni wa afya anapata pia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kisha anabeba barua hadi wilayani, kwenye kata na kwa mtendaji, kila mahali anagongewa muhuri. Mihuri yote hiyo hugongwa kabla ya kazi kuanza. Baada ya hapo sijawahi kumwona mtu akirudi kijijini kumuuliza mkulima kama kweli alihojiwa. Vishikwambi vinavyorekodi saa na mahali vimepunguza mchezo wa mwembeni, ingawa vijana wananiambia kwamba anayetaka kupika huzunguka tu kijijini akibonyeza.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya: wadodosaji walipwe kwa siku, na chuo kimtume mtu mwingine, asiyemjua mdodosaji, kurudi kwenye angalau kaya moja kati ya kila ishirini, na idadi ya kaya zilizohakikiwa iandikwe ndani ya tasnifu au makala yenyewe. Najua safu yako inasomwa na wahadhiri. Ningependa mmoja wao anijibu hapa hapa: katika utafiti wake wa mwisho, ni madodoso mangapi aliyarudia kuyahakiki mwenyewe?

Mdodosaji wa zamani,
Morogoro.
(Jina limehifadhiwa)