Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, na Hii Kelele ya 1200

Ndugu wanachama wa chama chetu cha redio ya ridhaa, assalaam aleykum na hamjambo nyote. Katibu kaniambia niandike fupi, ntajaribu, lakini kwa grupu mumesema sana mwaka huu na leo ni zamu yangu.

Shughuli mwazijua. Darasa la mtihani wa laisensi lilifanyika, mashindano ya wikendi tulishiriki, vijana walisikia pakiti (vifurushi vya data hewani) za kituo cha anga cha kimataifa kwa megahertz 145.825 wakafurahi, iftar tulifuturu pamoja. Shukran kwa wale wachache wanaotokea kila mara, mwajijua.

Sasa nije kwa lile la kuteremsha nodi yetu ya data, ile redio ya juu ya paa inayopokea na kupitisha ujumbe wenu, kutoka kasi ya biti 9600 kwa sekunde mpaka 1200. Kuna aliyesema nimekirudisha chama miaka ya themanini. Sawa, lakini anayepanda paa na bisibisi mkononi ni mimi, na nlichokiona hewani si kile mulichosoma kwa boksi la modemu.

Kwa karatasi 9600 ni mara 8 ya 1200, hilo hakuna anayebisha. Lakini redio zetu nyingi ni za kuongea, maiki na spika, ndani zina saketi za kuipamba sauti ya mtu, mara zapunguza besi mara zainua juu, sikio halijali ila data ya 9600 yataka ipite vile ilivyo bila kuguswa, la sivyo uchomelee waya ndani ya redio ama uwe na ile yenye tundu la data nyuma, na wenye nazo hapa hawafiki watano. 1200 ni milio miwili tu, mmoja wa hertz 1200 na mwengine wa 2200, hata kwa tundu la maiki inapita. Halafu 9600 yataka signali yenye nguvu zaidi, sasa mtu wa Mtwapa na antena yake ya dirishani ataitoa wapi?

Na musisahau vile pakiti inavyokaguliwa. Inabeba baiti 256 hivi, mwishoni kuna hesabu ya biti 16 ya kuhakiki. Biti moja ikiharibika njiani pakiti nzima yatupwa, hairekebishwi, inatumwa tena. Mtu akikwaruza neno moja kwa sauti utamuelewa tu, data haina huruma hiyo. Ndo maana kwa 9600 ujumbe wa mistari mitatu ulikuwa warudiwa na kurudiwa mpaka laini inakatika, na masafa yote yamejaa marudio. Hiyo ndo kasi mnayoililia?

Kweli 1200 pakiti kubwa yashika hewa karibu sekunde 2, na Likoni na Bamburi hawasikizani ilhali nodi yawasikia wote, kila mmoja aona hewa tupu, wanabonyeza pamoja, zinagongana. Hilo hata 9600 haikuliponya. Niliomba mpunguze zile bikoni, pakiti redio inazojitumia yenyewe kutangaza ulipo, za kila dakika (nani anataka kujua mara 60 kwa saa kuwa uko nyumbani kwako?), hakuna aliyejibu.

Wanaouliza pesa ya kebo ya antena pia niwajibu. Nlipofungua koneka ya juu ya mlingoti ilitoa maji, nyuzi za shaba zimegeuka kijani, nyengine nyeusi zavunjika kwa kidole. Ni chumvi ya bahari hiyo. Kebo mpya kamati ilipitisha kwa WhatsApp, watu watatu na emoji ya dole gumba, kama hukuiona ni kwa sababu umetunyamazisha grupu.

Vijana wanasema tuhamie FT8, ile njia ya kutuma ujumbe mfupi sana kwa redio na kompyuta. Nzuri, naipenda, ilitoka 2017 na mmoja wa walioibuni ni Joe Taylor, yule wa Nobel ya fizikia ya 1993. Lakini ujumbe ni biti 77, ukiandika maneno yako mwenyewe ni herufi 13, na kila zamu sekunde 15. Inafika mbali kwa sababu inakwenda polepole. Kwa hivyo mimi nikipunguza mbio ni mshamba, wao wakipunguza ni sayansi?

Hesabu, kwa shilingi: tulianza na 41,200, ada 36,000, matumizi yote na kodi ya chumba 58,700, kumebaki 18,500. Ada ni 2,000, wanachama 47, waliolipa 18. Waliopiga kelele za 9600 nimewaangalia kwa daftari la mweka hazina, wengi sikuwaona humo. Na kikao cha kupitisha jambo lenyewe tulikuwa saba, pamoja na mzee wetu mlezi aliyekuja na fimbo yake kwa feri.

Mwakani inshallah tutaangalia nodi ya pili upande wa Shimba Hills, kule juu huenda Likoni na Bamburi wakasikika vizuri, na sola pia, na LoRa (redio ndogo za data zinazotumia umeme kidogo) ya kujaribu, tukijaaliwa pesa. Mwenye redio ya tundu la data na aje nayo mkutano mkuu, tutaipima 9600 mbele ya watu wote. Ni Jumamosi baada ya alasiri, na ada inapokelewa mlangoni.