Malori ya bandarini: tukutane Jumamosi

Majirani zangu wa Kurasini, habari za jioni.

Jana usiku mwenzetu alishikwa na uchungu, na bajaji iliyombeba ikakwama dakika 40 nyuma ya malori yaliyopanga foleni mbili kuelekea bandarini. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto wazima. Lakini mimi sikupata usingizi.

Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi inapita hapahapa kwetu, na yadi za makontena zimebanana na nyumba zetu. Lori ambalo nyaraka zake hazijakamilika au zamu yake haijafika halina pa kusubiri, linaegeshwa ukingoni mwa Barabara ya Mandela au linaingia mitaani. Jamani, tusiwatukane madereva. Wengine wanalala chini ya tela siku mbili, hawana choo wala maji ya kunawa.

Bandari kavu ya Kwala, kule Pwani, ilijengwa ili makontena yatoke mjini, na hilo tuendelee kulidai. Ila kwa sasa ombi langu ni moja: upande mmoja wa barabara za mitaa usiegeshwe kabisa, wagonjwa na wanafunzi wapite.

Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya serikali ya mtaa. Kila aliyekwama aandike tarehe, saa na mahali. Mama lishe na wenye maduka, msikose, hasara yenu haijawahi kuandikwa popote. Mwenye daftari kubwa la kuorodhesha aniambie leo.