Malalamiko kuhusu video ya sendoff ya binti yetu

Kamati ya Sendoff,
Area C,
Dodoma.

Meneja,
Kampuni ya Picha za Video,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATAA VIDEO MLIYOTUKABIDHI NA KUDAI REKODI ZOTE ZA AWALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba ya familia iliyowapa kazi ya kurekodi sendoff ya binti yetu, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, kuanzia ngoma ya mchana nyumbani Chamwino hadi hafla ya jioni ukumbini. Video tumeitazama mpaka mwisho na hatuikubali. Tulipopiga simu, kijana wenu alijibu kwamba kila kitu kitarekebishwa kwenye editing. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu makubwa tunayoyalalamikia hayarekebishiki huko, na yale mengine ni editing yenyewe iliyoyaharibu.

Naanza na muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, maana ndio unaotuuma zaidi. Bibi yake binti na kina mama wenzake walipiga ngoma ile na kuimba kwa Kigogo. Baadhi yao umri umekwenda sana, na hakuna atakayethubutu kuwaomba warudie. Kwenye video yenu kila pigo linakwaruza na kupasuka, na sauti ya bibi imemezwa kabisa. Maiki ilifunguliwa kupita kiasi. Sauti ya kidijitali ina kikomo, desibeli sifuri (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kinachozidi hapo hukatwa, na kilichokatwa hakimo tena kwenye faili. Fundi makini huwaomba wapigaji wapige kwa nguvu zao zote kabla shughuli haijaanza, halafu hushusha kiwango cha maiki mpaka vilele vya sauti vibaki kama desibeli 12 chini ya kikomo. Kijana wenu hakuvaa hata hedifoni. Angevaa, angesikia papo hapo. Tena maiki haikuwa na kifuniko cha kuzuia upepo, na upepo wa huku mnaujua kama sisi tunavyoujua.

Picha za hapo hapo nazo zimeungua. Lile jua la saa nane limefanya nguo za kina mama ziwe weupe mtupu, hazina mkunjo wala pindo. Sehemu yenye giza kidogo huweza kuinuliwa baadaye, japo chengachenga zitaongezeka. Weupe uliopitiliza hauna kitu ndani yake cha kuinua. Kamera nyingi za kazi zina mistari inayojitokeza kwenye kioo kuonyesha mahali mwanga ulipozidi, kwa hiyo mpiga picha alikuwa na njia ya kuliona tatizo akiwa bado uwanjani.

Ukumbini kuna mistari ya giza inayopanda kwenye picha mfululizo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, ikiwa 1/50 au 1/100 ya sekunde inakwenda pamoja nazo. Ikiwa 1/60, kama inavyoelekea mliiweka, mistari inatokea. Rangi nayo ni tatizo: kamera moja imemtoa binti yetu wa njano na nyingine wa bluu, hivyo gauni lake linabadilika rangi MC akiwa katikati ya sentensi. Kuzipima kamera zote mbili kwa karatasi moja nyeupe, chini ya taa zile zile, kungezuia jambo hilo.

Sasa editing. Wosia wa mama mzazi, maneno ambayo binti alitaka kubaki nayo, mmeyafunika kwa wimbo. Nani aliwatuma? Hotuba ya baba mkubwa mmeitoa kwenye klipu ya simu, ambayo idadi ya fremu zake, yaani picha kwa sekunde, hupanda na kushuka, mkaiunganisha na sauti ya miksa (mtambo wa kuchanganya sauti) bila kwanza kuifanya iwe na fremu thabiti. Mwishoni mdomo na sauti haviko pamoja. Na ile sehemu ya kuingia ukumbini mmeipunguza mwendo wakati ilirekodiwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukipunguza nusu, unabaki na fremu 12 na nusu, ndiyo maana inakatakata. Mwendo wa taratibu unaamuliwa kabla ya kushuti, kwa kurekodi fremu 50 au zaidi.

Tunadai yafuatayo. Kwanza, msifute memori kadi yoyote. Rekodi zote za awali za kamera zote, pamoja na sauti ya miksa, mtunakilie kwenye diski tutakayoleta. Kamera ya pili ilikuwa mbali na ngoma, na inawezekana sauti yake haikukatwa. Kama ni hivyo, muheme uunganishwe upya kwa sauti hiyo. Pili, wosia wa mama urudishwe bila wimbo, hotuba ya baba mkubwa ilinganishwe na sauti yake, na rangi za kamera mbili zipatanishwe. Tatu, sehemu ya malipo irudishwe kwa yale yasiyookoleka, kwa kiasi tutakachokubaliana ana kwa ana.

Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Baada ya hapo tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Sendoff.

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati; Wazazi wa binti.