Ndoto ya kanga iliyoungua

Perugia, Jumanne usiku

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai hapo Tanga hamjambo nyote, na mguu wa Baba umepata nafuu. Mimi mzima, baridi tu.

Tangu uliponieleza kwamba umemwota Bibi, sijatulia. Ulisema alisimama mlangoni, kavaa ile kanga yake iliyoungua pindo kwa kaa la moto, nawe ukashangaa: kanga ile ilishachakaa zamani ikawa tambara la jikoni, imerudije? Nilinyamaza kwenye simu kwa sababu nilikuwa nalia. Sikuwahi kumzika Bibi, Mama.

Sasa nikwambie ninachosoma huku. Kuna mshairi wa Kirumi, Propertius, mzaliwa wa mkoa huuhuu wa Umbria, hapa Italia. Wengi wanaamini kwao ni Assisi, mji ninaouona ng'ambo ya bonde kukiwa hakuna ukungu. Aliishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mashairi yake mengi ni ya mwanamke mmoja, anamwita Cynthia.

Katika kitabu chake cha nne Cynthia amekufa, kazikwa juzijuzi tu kando ya barabara. Usiku mshairi anamwona kainamia kitanda. Nywele ni zilezile alizopelekwa nazo mazikoni, macho ni yaleyale. Lakini nguo imeungua ubavuni, maana Warumi wale waliwachoma maiti wao, na pete yake ya kito cha berili imeliwa na moto. Midomo imechujuka kwa maji ya Lethe, mto wa usahaulifu huko kuzimu. Sauti ni ya mtu hai, ila vidole vinaalika kama vijiti vikavu.

Nilipofika kwenye ile nguo iliyoungua nilifunga kitabu, nikatoka nje kutembea.

Cynthia amekuja na malalamiko. Hakuna aliyemwita jina lake macho yalipokuwa yakifumba. Kichwa chake kiliegemezwa kigae kilichovunjika, kikamuumiza. Na yeye mpenzi wake hakumsindikiza kupita lango la mji. Hilo la mwisho lilinichoma zaidi.

Mshairi ana ndoto nyingine, ya zamani, Cynthia angali hai: jahazi limevunjika katika bahari ya Ionia, naye anapiga maji kwa mikono iliyochoka, nywele zimelowa nzito hata hawezi kuziinua, huku akiungama kila uongo aliowahi kumwambia. Mshairi anataka kujirusha kutoka mwambani amfuate, hofu inamwamsha. Wewe binti wa mvuvi utamwelewa kuliko walimu wangu.

Wapo wanaosema ndoto hizi ni mapambo ya ushairi tu. Mimi sikubali. Cynthia mwenyewe anamwonya asidharau ndoto zinazopita mlango wa wacha Mungu, kwani zina uzito. Kisha anamwagiza: kaburini kwangu, pale Tibur karibu na Roma, kando ya mto Anio, uandike maneno mafupi, msafiri anayeharakisha kutoka mjini aweze kuyasoma. Anapomaliza, mshairi anataka kumkumbatia, kivuli kinamponyoka.

Mama, hukuniambia kama Bibi alisema neno lolote pale mlangoni. Kama alisema, hata kama ni la kunilaumu mimi, Jumapili ukipiga nieleze lote, usinifiche. Na kibao cha kaburi lake kama bado hakijawekwa, mwambie Kaka asubiri. Nitatuma pesa mwisho wa mwezi, na maneno nitayaandika mimi.

Nisalimie wote.

Mwanao