Barua kuhusu Bari na khanga ya mama

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwa nini nakala ya hati ya kuasiliwa kwangu, ambayo mama aliitunza kabatini miaka yote, nimeibandika juu ya khanga yake kisha nikaishonea nywele. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe linaanzia mbali, kisiwani Jeju, Korea Kusini.

Huko ndiko alikozaliwa msanii Jane Jin Kaisen mwaka 1980, kabla ya kuasiliwa Denmark. Mwaka 2019, katika banda la Korea kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, alionyesha kazi ya filamu, sauti na matambiko, yote yakiizunguka hekaya ya Bari, binti wa saba wa mfalme, aliyetupwa kwa kuwa hakuzaliwa mwanamume. Bari huyohuyo ndiye aliyekwenda kuzimu kutafuta dawa ya kuwaponya waliomtupa, na alipopewa nusu ya ufalme akaikataa, akachagua kukaa kati ya walio hai na wafu. Katika banda hilohilo, msanii mwingine, siren eun young jung, alionyesha kazi kuhusu tamthilia za Korea ambazo wanawake huigiza hata nafasi za wanaume. Kwangu kazi hizo mbili zinasemezana.

Nilimlilia Bari kwa sababu unazozijua. Katika hati yangu, mbele ya neno "jinsi", karani aliandika KE, na mtoto mchanga hawezi kuulizwa. Unakumbuka nilipokata nywele tukiwa darasa la saba, nikavaa shati la kaka, na jamaa mmoja akasema kwamba mtoto wa kulea hana ruhusa ya kuwaaibisha waliomwokota? Mama hakumjibu. Alizikusanya nywele zangu, akazifunga katika karatasi, akaniambia, "Mwanangu, njoo ule." Katika neno hilo hamna ke wala me, hamna aliyezaliwa wala aliyeletwa. Nywele hizo ndizo nilizozishona kuzizunguka zile herufi mbili, bila kuzifunika, kwa maana bado sijapata neno la kujiita na sitaki kulifuta la zamani kwa hasira.

Upande mmoja wa khanga ungali mtupu. Ile picha tuliyopigwa barazani kwenu, mama akiwa katikati yetu, bado unayo? Ukiniruhusu, nitaitoa nakala na kukurudishia yenyewe kabla ya Ramadhani.

Ni mimi rafiki yako