Barua ya Malalamiko: Rudisheni Arubuni Yangu

Kwa Meneja,
Nyumba ya Wageni, Kisiwa cha Bugala,
Kalangala, Uganda.

KUH: ARUBUNI YA SHILINGI 600,000

Ndugu Meneja,

Salamu. Kanuni zenu za kughairi mnazijua, sina haja ya kuwasomea. Kijana wenu wa mapokezi alishanisomea mimi, kwa sauti, mbele ya watu.

Sikughairi. Hilo lieleweke kwanza. Siku ile ziwa lilichafuka, na meli ya saa nane mchana haikuondoka bandari ya Nakiwogo, huku Entebbe. Niliwapigia simu nikiwa palepale bandarini, na aliyepokea akasema, "Hakuna shida mama, njooni kesho, chumba chenu kipo." Kwenye kanuni zenu maneno hayo hayamo, lakini yametoka kwenye simu yenu.

Kesho yake tukashuka Lutoboka, bandari ya kisiwani kwenu, jua likizama. Mama yangu mzazi, mtu mzima mwenye miguu mibovu, akaketi juu ya begi, maana viti vya mapokezi vilikuwa vimeanikwa taulo. Kijana akafungua simu yake akasoma: asiyefika siku yake amepoteza arubuni. Nikamwambia tulipiga. Akajibu, "Mama, hapa si soko la Owino, hakuna kupatana." Watu wakacheka.

Na chumba? Kilikuwa na wageni, viatu vyao nimeviona mlangoni. Wenyewe walituambia waliingia jana yake usiku, wamezunguka kwa barabara hadi Masaka na kuvuka kwa kivuko cha Bukakata. (Kijana wenu alithubutu kuniuliza kwa nini nasi hatukuzunguka huko. Na mgonjwa wa miguu?) Basi usiku uleule mmoja mmelipwa mara mbili. Kitanda kingelala kitupu, ningenyamaza. Hakikulala kitupu.

Nilipowaandikia WhatsApp niliomba nusu tu, kwa heshima. Mkanijibu kwa picha ya dole gumba.

Narudia ya mapokezi kwa sababu hayajanitoka. Mama yuko juu ya begi. Kijana anatafuna karanga, simu ameigeuzia walioko baa ili nao wasome, kidole kinafuata maneno mstari kwa mstari kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Hapa si Owino." Kicheko. Mama akanivuta mkono akaniuliza tumekosa nini. Sikuwa na la kumjibu. Usiku huo tulilala kwa mwenye duka pale bandarini, ambaye hakutudai arubuni.

Kwa hiyo nusu siitaki tena. Nataka shilingi 600,000 zote, zirudi kwenye laini ileile niliyowalipia, pamoja na nauli ya meli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Na kijana huyo ampigie mama yangu amwombe radhi. Hapana, apige meneja mwenyewe.

Nikifika Ijumaa ijayo bila jibu, nafungua shauri la madai madogo mahakamani. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 husikilizwa huko bila wakili, na yangu hayafiki hata milioni moja. Nakala itakwenda Bodi ya Utalii ya Uganda, wanaotoa leseni za nyumba kama yenu, wawaulize kitanda kimoja kinauzwaje kwa watu wawili usiku mmoja. Kumbukumbu ya simu niliyopiga kutoka Nakiwogo ninayo, pamoja na saa na namba iliyopokea. Sijaifuta na sitaifuta.

Wenu mteja,
Entebbe